Gari Ikizima kwa Joto, Ipime Kabla Haijapoa

Masuali na majawabu ya wasomaji wenye gari na vyombo vya moto

SUALI: Assalaam alaykum. Nina Toyota IST ya petroli, injini ndogo ya 1.3. Naitumia baina ya mjini na Nungwi karibu kila siku. Asubuhi inawaka bila ya tabu. Nikifika Kinyasini, au mbele yake kidogo, inazima ghafla kama kwamba mtu amezungusha ufunguo akaizima. Taa ya joto haiwaki na maji ya rejeta yamejaa. Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Nikingoja kiasi cha nusu saa inawaka na kwenda zake. Nimeshabadilisha plagi zote 4, filta ya hewa na betri. Fundi wa kwanza ananambia pampu ya mafuta, wa pili koili, wa tatu kompyuta. Ninunue kipi? Msomaji, Mkokotoni.

JAWABU: Wa alaykumus salaam. Usinunue chochote kwa sasa. Mafundi wako wote watatu wameiona gari ikiwa imeshapoa na inawaka, na gari inayowaka haina cha kuonesha. Maradhi haya yanaonekana tangu injini inapozima mpaka inapopoa, basi. Kwako wewe muda huo ni nusu saa, na wengi huupitisha chini ya mwembe wakipiga simu. Huo ndio muda wa kupima.

Weka ndani ya gari vitu hivi: multimita ya bei nafuu, plagi moja nzima ya akiba, spana namba 10, soketi ya plagi namba 16, chupa ya maji na kitambaa cha pamba. Mtu wa pili awepo, maana mmoja atashika ufunguo na mwengine atakuwa kwenye boneti.

Ikizima, egesha mahali salama, kisha rudisha ufunguo mpaka mwisho na uwashe hatua ya ON bila ya kupiga stata. Itazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ni lazima iwake. Isipowaka, kompyuta haipati umeme, na hapo tafuta fyuzi ya EFI, rilei kuu au swichi ya ufunguo, na yaliyobaki katika jawabu hili hayakuhusu. Ikiwaka, endelea.

Hatua ya pili ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mwenzako apige stata kwa sekunde 5 na wewe usome mzunguko wa injini kwenye mashine ya kupimia, yaani ile ya fundi inayounganishwa na kompyuta ya gari, si multimita. Injini inayozungushwa na stata huonesha kiasi cha 200 hadi 300 kwa dakika. Ikiwa injini inazunguka na mashine inasoma sifuri, kompyuta haijui kwamba injini inazunguka, kwa hiyo haitoi cheche wala haifungui nozeli zinazonyunyiza petroli. Hapo umeshampata mtuhumiwa: sensa ya kranki (kifaa kinachoiarifu kompyuta mzunguko wa injini), waya wake au plagi ya waya huo. Kama huna mashine, utazame mshale wa RPM. Kwenye gari nyingi hunyanyuka kidogo wakati wa stata, lakini usiuamini kama unavyoamini mashine, maana kuna dashibodi ambazo mshale haujishughulishi na mzunguko mdogo hivyo. Na vile vifaa vidogo vinavyounganishwa na simu mara nyengine havisomi gari za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000. Kifaa kikikataa kuunganika, usikubali kuambiwa kwamba kompyuta ya gari imekufa.

Hatua ya tatu ni cheche. Ng'oa koili ya silinda moja, ipachike plagi ya akiba, na uilaze plagi hiyo chuma chake kiguse chuma safi cha injini. Usiishike kwa mkono. Umeme wa koili hizi ni maelfu ya volti. Chomoa plagi za waya za nozeli ili petroli isimwagike ndani bure, kisha mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika ikipiga. Ya manjano na nyembamba ni dhaifu. Isipokuwepo kabisa, jaribu silinda ya pili kabla ya kuhukumu.

Na hapa ndipo tunapotofautiana na fundi wako wa pili. IST ina koili 4, kila moja juu ya plagi yake. Koili moja ikifa kwa joto, gari itatetemeka na kukosa nguvu, lakini itaendelea kwenda kwa silinda 3. Koili zote 4 zife sekunde moja, kisha zifufuke pamoja baada ya nusu saa? Hilo ni jambo la nadra sana. Cheche zikipotea zote kwa pamoja, tafuta kitu kimoja ambacho zote zinakitegemea: umeme wa pamoja, waya wa hasi wa pamoja, au ishara ya sensa. Koili moja yenye disitributa (kigawa cheche kwa silinda zote), ya Toyota za miaka ya 1990, ni habari nyengine. Ile ikichemka huzima gari nzima, na fundi aliyekua na gari hizo si ajabu akaitaja mwanzo.

Pampu nayo ina namna yake ya kuaga. Mara nyingi gari hukohoa kwanza, hukosa nguvu ukipanda kilima au ukitaka kulipita gari la mbele, kisha ndipo inapozima. Wewe umeandika kwamba inazima kama mtu aliyezima ufunguo. Maneno hayo yanatupeleka kwenye umeme kuliko kwenye mafuta, na kwenye umeme yanatupeleka kwa sensa ya kranki kabla ya kingine. Kompyuta iwe ya mwisho kabisa kushutumiwa, baada ya kila waya unaoingia humo kupimwa.

Sensa yenyewe ni kitu kidogo. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa mara nyingi sana. Mbele yake linazunguka gurudumu la chuma lenye meno 34, na pengo la meno 2 yaliyoachwa makusudi ili kompyuta ijue injini ilipofika. Kila jino likipita huzalisha umeme kidogo. Waya ukipata ufa, joto hutanua plastiki na kuivuta midomo ya ufa mbalimbali. Ikipoa inagusana tena. Ndiyo maana kila ukiifikisha kwa fundi inasoma sawasawa.

Iko chini upande wa mkanda, karibu na puli ya kranki, imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Gari ikiwa imezima na bado ina moto, chomoa plagi yake ya waya na upime omu, yaani upinzani wa waya, baina ya pini mbili za sensa. Mita ikionesha kwamba njia haipiti kabisa, kazi imekwisha. Ikisoma namba, iandike, halafu upime tena gari ikiwa baridi. Hapa watu wengi hukosea: namba ya moto huwa kubwa kuliko ya baridi, na hilo si kosa. Upinzani wa shaba huongezeka kiasi cha asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Sensa iliyosoma omu 1,800 katika nyuzi 30 itasoma karibu 2,160 katika nyuzi 80, na ni nzima. Sensa mbovu huruka, au namba yake hucheza ukiugusa waya, au hupotea.

Kama una haraka ya kujua, kamua kitambaa kilichoroa maji na ukibandike juu ya sensa kwa dakika 3, uendelee kukibadilisha. Usimwage maji ovyo. Bomba la moshi lenye moto likimwagiwa maji baridi linaweza kupasuka. Gari ambayo kwa kawaida hungoja nusu saa ikiwaka baada ya dakika 3 za kitambaa, umeshapata ushahidi. Nyumbani unaweza kufanya kinyume chake: fungua sensa, ipulizie draya ya nywele na mita ikiwa imeunganishwa, uitazame namba ikipanda. Ikikatika ghafla, ushahidi ni huo huo.

Kabla ya kulipia sensa mpya, ifungue plagi ya waya uitazame kwa taa. Gari zinazolala Nungwi zinakula upepo wa chumvi usiku kucha, na pini za shaba huota ukungu wa kijani. Pini iliyoliwa hivyo hupitisha umeme ikiwa baridi na kukataa ikichemka, na dawa yake ni sprei ya kusafishia umeme na burashi. Angalia pia kama oili inavuja juu yake. Ukinunua, tunakushauri usinunue sensa iliyotolewa kwenye injini kuukuu, maana hiyo nayo imepikwa kwa miaka ile ile. Pakaa oili kwenye pete yake ya mpira, ifute vumbi la chuma kwenye ncha, na usiikaze bolti kwa nguvu za mabega. Kisha ijaribu kwa njia ile ile, saa ile ile, mpaka uipite Kinyasini.

Na kama vipimo vitakwenda kinyume na dhana yetu, yaani mzunguko unasomeka na cheche iko, basi turudi kwa fundi wako wa kwanza. Pima presha ya mafuta kwa geji. Injini hii inataka kiasi cha 3.0 hadi 3.4 bar. Kama hakuna geji, fungua kifuniko cha tangi kwanza. Ikivuta hewa kwa mfyonzo mkubwa na gari ikawaka baada yake, kitundu cha kupumulia kimeziba na huna haja ya pampu. Halafu nyanyua kiti cha nyuma na upime umeme kwenye plagi ya pampu wakati stata inapigwa. Volti 10 au zaidi zinafika na pampu iko kimya: pampu ni mbovu. Igonge tangi kwa chini kwa ngumi; ikiamka, kaboni zake zimekwisha. Usihukumu kwa kuwasha ON tu na kusikiliza, kwa sababu Toyota nyingi za zamani haziendeshi pampu mpaka injini izunguke.

Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Anayetia lita 3 asubuhi na lita 3 jioni anaizungusha pampu yake kwenye mvuke moto kila siku. Kwa safari za kaskazini, robo ya tangi ndiyo iwe kiwango chako cha chini. Na petroli ya chupa za njiani huja na mchanga na maji, ambayo yote huishia kwenye chujio la pampu.

SUALI: Nna gari ndogo ya dizeli inayochukua abiria baina ya Wete na Chake. Ina pampu ya zamani isiyokuwa na kompyuta. Asubuhi inawaka kwa mara moja, mchana nikiizima kituoni haiwaki mpaka isukumwe au ipoe. Watu wameshaanza kuikimbia. Dereva, Wete.

JAWABU: Pole ndugu yetu, na hiyo ni riziki inayokimbia. Kwa dizeli ya pampu ya mzunguko, jambo la kwanza ni stata. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na stata ikizungusha kivivu hewa inavuja pembeni ya pistoni kabla ya kupata moto. Kama ikisukumwa inawaka mara moja, itilie shaka stata na nyaya zake nene kabla ya pampu. Pima betri wakati wa stata. Ikishuka chini ya volti 9.6, au stata ikisikika nzito mchana kuliko asubuhi, anzia hapo.

Stata ikiwa nzuri, sikiliza soleno ya kuzimia iliyo juu ya pampu. Ukiwasha ufunguo inatakiwa igonge "tik". Pima umeme wake gari ikiwa moto. Kisha bonyeza pampu ya mkono juu ya filta. Ikiwa laini na haikazi, kuna hewa inayoingia kwenye mipira ya mafuta.

Yote hayo yakiwa mazima, fanya jaribio la kitambaa. Gari ikiwa moto na imekataa, zungushia pampu matambara yaliyoroa na uyabadilishe kwa dakika 10. Kamwe usiimwagie ndoo ya maji baridi, kwa sababu chuma cha nje kitasinyaa ghafla juu ya rota iliyo moto na pampu itashika. Ikiwaka baada ya matambara, kichwa cha pampu na rota yake vimelika. Dizeli ikichemka inakuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani, na kwa mwendo mdogo wa stata presha haifiki ya kufungua nozeli. Injini ikishawaka mwendo unakuwa mkubwa na uvujaji hausikiki, ndiyo maana barabarani haikusumbui. Dawa ni kichwa kipya kinachofungwa na kupimwa juu ya benchi la pampu. Kuongeza mafuta kwa kuzungusha skrubu ya pampu kutakupa moshi mweusi na wiki chache tu.

Jengine la kulikagua ni dizeli unayotia. Ikichanganywa na mafuta ya taa huwa nyepesi zaidi na hailainishi, na pampu hii hulainishwa na dizeli peke yake. Mchanganyiko huo unaila na kukufichulia ubovu kwa pamoja.

SUALI: Nasomesha skuli Bububu. Gari yangu ni ya gia za kujiendesha. Nikitoka sokoni mchana naikuta juani, nikiwasha inagonga "tak" mara moja na kunyamaza. Jioni inawaka. Nimeambiwa ni injini kuchemka. Mwalimu.

JAWABU: Hapana mwalimu, injini yako haina kosa. Suali lako linafanana na la IST kwa juu tu. Kule stata inazungusha na injini haishiki, kwako stata yenyewe haizungushi. Ni vitu viwili mbalimbali, na anayevichanganya atakuuzia kitu usichokihitaji.

Gonga moja kisha kimya humaanisha swichi ya sumaku ya stata imevuta lakini umeme mkubwa haujapita. Kwa stata nyingi za Toyota, ndani ya swichi hiyo mna vipande viwili vya shaba vinavyolika upande mmoja. Stata ikichemka upinzani wa waya wake unapanda, sumaku inapungua nguvu, na shaba iliyolika haiguswi vizuri. Vipande hivyo hubadilishwa peke yake bila ya kununua stata nzima. Mwambie fundi avibadilishe vyote viwili na akikague kile kipande kinachosukuma.

Kabla hajaifungua, apime vitu viwili mwenzake akishika ufunguo wa kuwashia. Baina ya ncha ya hasi ya betri na bodi ya injini, mita isivuke volti 0.2. Baina ya ncha ya chanya na bolti nene ya stata, isivuke 0.5. Ikivuka, ubovu uko kwenye waya au kwenye kichwa cha betri kilichoota unga mweupe, na hapo maji moto, burashi na grisi vinamaliza kazi. Na wewe mwenyewe siku ikikataa, toa gia kwenye P uipeleke N na ujaribu. Ikiwaka, swichi ya gia ndiyo yenye kosa na stata imesingiziwa.

SUALI: Vespa yangu ya PX inazima baada ya kilomita kumi na kitu, kutoka Makunduchi. Nikiipumzisha inawaka. Kabureta nimeshaisafisha mara tatu.

JAWABU: Iache kabureta sasa. Ikizima, fungua kifuniko cha tangi mara moja uone kama ilikosa hewa. Halafu toa plagi uitazame cheche palepale. Ikiwa hakuna cheche, pima kwenye stata ya umeme iliyo nyuma ya feni (si stata ya kuwashia, bali sahani yenye koili za kuzalisha umeme): koili ya kuchajia iwe karibu na omu 500, na ile ndogo ya ishara karibu na 110. Pima ikiwa moto. Na zitazame nyaya zinazotoka humo, kwa sababu kwenye Vespa za kizazi hicho ganda la waya hukauka likawa kama ganda la yai, likapasuka na nyaya zikagusana joto likipanda. Kubadilisha nyaya hizo ni kazi ya risasi ya kuchomea na saa mbili za utulivu. Kama cheche iko na plagi ni nyeupe kavu, kagua mchanganyiko wa oili, mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na uhakikishe feni haikujaa majani na mchanga.

SUALI: Fundi ametoa thamostati kwenye Noah yangu ili isichemke. Tangu hapo inakula mafuta, na ikiwa moto inawaka kwa shida. Je, vinahusiana? Jang'ombe.

JAWABU: Vinahusiana. Thamostati za Toyota nyingi hufunguka kiasi cha nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, ukiwa njiani na upepo unapiga rejeta, maji yanabaki baridi, kompyuta inadhani injini ndiyo kwanza imewashwa na inazidisha petroli. Na kwenye injini ambazo thamostati hiyo hiyo huifunga njia ya mkato ya maji, kuitoa huacha maji yazunguke bila ya kupita kwenye rejeta, na gari huweza kuchemka zaidi kwenye foleni ya Darajani. Irudishe.

Kisha pima sensa ya joto la maji. Katika nyuzi 20 isome kiasi cha kilo-omu 2 hadi 3, na katika nyuzi 80 baina ya omu 200 na 400. Ikiwa moto na bado inasoma kilo-omu 2, inaidanganya kompyuta na plagi zako zitatoka zimeroa petroli. Siku ikikataa namna hiyo, kanyaga mafuta mpaka chini na upige stata sekunde 5; gari nyingi hukata nozeli kwa amri hiyo na silinda zinakauka. Na kama sababu ya kuchemka mwanzoni ilikuwa rejeta kuziba, usiijaze tena kwa maji ya kisima. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya matumbawe na huja na chokaa, na chokaa hiyo ndiyo inayoganda ndani ya mabomba ya rejeta na juu ya sensa. Tumia kulenti, au maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu.